Nyusi za Masasi na Nembo za Mama Yako

Somoe mwanangu,

Barua ya mtu mwenye adabu huanza na salamu. Hii yangu haianzi na salamu, na sababu unaijua.

Nimekaa barazani, jua la alasiri linanipiga mgongoni, kalamu nimenunua mwenyewe dukani. Mama yako anapita hapa anajifanya anafagia. Amefagia mahali pamoja mpaka pametoka shimo. Anataka kujua ninaandika nini, na mimi simwambii. Wale waliokuwa wakisema Chande hajui kuandika, waje sasa waone. Kwenye kisomo cha watu wazima nilikuwa wa pili, na aliyekuwa wa kwanza ni mke wa mwalimu, kwa hiyo hesabu mwenyewe nani alikuwa wa kwanza. Herufi zangu ni kubwa kama mihogo, lakini hazijalala chini.

Kesho unashuka Masasi kufanya kazi ya saluni. Ule nini, ulale wapi, pesa uifunge wapi, mama yako amekwisha kukuambia mpaka mbuzi wameyajua. Mimi nina mengine.

Kwanza lile ombi lako. Jana mama yako amekuja nalo kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayejua anachokisema hakifai. Ati yule mama wa saluni anakiomba chipopo changu, kile kisu changu kidogo cha kuchanjia nembo, akitundike ukutani, wateja wakikaa kwenye kiti wakitazame na kustaajabu. Jibu ni hapana. Chipopo si kalenda. Ameshauchukua uso wa binti yangu, sasa anataka na kisu. Kesho ataomba na mkono wenyewe.

Wewe umezaliwa mimi nimekwisha kuacha kazi, kwa hiyo ulichosikia ni masimulizi tu. Sasa nisikie mimi. Toka hapa Newala ushuke, upite Lulindi, ufike Lupaso, urudi na njia ya Nanganga, ukikutana na bibi mwenye nembo usoni na mistari yake imenyooka, pembe juu ya pembe kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira, muulize nani alimchanja. Atakwambia Chande. Akikutajia mtu mwingine, mtazame tena, utaona mistari imepinda. Mpundi, ndivyo tunavyomwita fundi wa nembo, na mpundi kama mimi hajazaliwa tena. Sijisifu. Ni nyuso za watu zinazosema.

Na sikuipata kazi hii kwa majuma machache. Nilibeba kikapu cha mwalimu wangu, masika yakaja yakaenda, yakaja yakaenda, hajaniruhusu kugusa hata mgomba. Halafu akanipa mgomba. Nilichanja migomba mpaka shamba la mama yangu likawa na nembo zote. Halafu boga. Ngozi ya mtu ilikuja mwisho, na hata hapo alinishika kifundo cha mkono kama anamfundisha mtoto kushika kijiko.

Kazi yenyewe ni hivi, na ninakuambia kwa sababu kesho utakuwa miongoni mwa wale wasioijua. Unachanja, damu inatoka, unapaka mkaa wa mbegu za mbarika zilizochomwa na kusagwa laini kama wanja. Mwali anakaa juani mpaka akauke. Watu wanadhani imekwisha. Haijakwisha. Ile ya kwanza ni kufungua njia tu. Kidonda kikipona unarudia palepale, mstari juu ya mstari, mkaa juu ya mkaa. Kikipona tena, unarudia tena. Ya tatu ndiyo inayokaa. Nembo iliyochanjwa mara moja ni kama jina lililoandikwa mchangani, linasomeka mpaka mbuzi wapite.

Uso wa mama yako ndiyo kazi yangu bora. Alikuwa mwali, sikuwa mume wake, wala sikujua nitakuwa. Nilimrudia mara tatu kama sheria inavyotaka, na mara ya tatu, nikiwa nampaka mkaa, nikaona nimetengeneza kitu ambacho nisingependa mtu mwingine akitazame kila asubuhi. Nikapeleka posa. Hayo mama yako anayakana, ati nilimtaka kwa sababu ya mashamba ya mjomba wake. Mwache aseme.

Sasa uje wewe.

Wewe ulipofika umri, mama yangu, bibi yako, alikuja hapa na kuku mwekundu mkononi, ujira wa mpundi. Akasema, "Chande, mjukuu wangu yuko tayari. Chukua chipopo." Nikamwambia, "Mama, siku hizi chama hakitaki." Akasema, "Chama ndicho kilichokuzaa?" Nikasema nitafikiri. Akaondoka na kuku wake, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuniletea kuku mwingine.

Watu walinicheka. Kwenye pombe, kwenye mazishi, popote. "Mpundi mwenye mtoto sahani!" Uso wako mtupu, laini, wakauita sahani. Rafiki zangu ambao wake zao wote nimewachanja mimi, wananiuliza, "Chande, kisu kimekuwa butu au ni moyo?" Na mimi nasema chama, chama. Nilisingizia chama kwa sababu chama hakikuwepo pale kukataa.

Ukweli ni huu. Ulipokuwa mdogo ulianguka kwenye jiwe la kusagia ukapasuka kidevu. Damu kidogo tu, kijiko hakijai. Mimi niliyeona damu za nyuso za watu mpaka nikazizoea kama maji ya kunawa, nilikimbia. Nilikimbilia kwenye mikorosho nikachuchumaa huko mpaka kilio chako kikanyamaza. Mama yako ndiye aliyekufunga kitambaa. Nilipotoka nikasema nilikwenda kutafuta dawa, na mkononi sina jani hata moja. Siku ile niliapa, kimoyomoyo, kwamba uso huu hakuna chuma kitakachougusa. Wala changu.

Basi nikauchunga. Mkono bora kuliko yote katika nchi hii ya juu, ukauchunga uso mmoja usiuguse. Hujui kazi iliyokuwepo. Kuna siku nilikuwa nakutazama unapepeta mtama, nikaiona nembo ambayo ingekaa pale kwenye paji lako, nikaiona yote, mstari kwa mstari, nikainuka nikaenda kukata kuni ambazo hatukuzihitaji.

Ndipo zikaja siku za ruksa. Wanunuzi wa korosho wakaja na mizani zao, mitumba ikajaa Masasi, na saluni ikafunguliwa karibu na stendi, ina jenereta nje inanguruma na picha za wanawake weupe mlangoni. Nikawatuma, wewe na mama yako, mkanunue salfa ya mikorosho. Salfa! Nilikwambia neno moja tu.

Mlirudi na salfa, ndiyo, hilo siwanyimi. Lakini ulirudi umejitanda kanga mpaka puani. Mama yako akasema, "Amepigwa na vumbi la gari, Baba Somoe. Macho yamevimba." Na mimi mjinga, mimi baba yako, nikaenda nyuma ya nyumba nikachuma majani ya mpera, nikayachemsha mwenyewe, nikayapoza mwenyewe, nikakuletea kwenye bakuli unawe macho. Siku kadhaa hivyo. Wewe unapokea bakuli, unasema "Asante baba," unageukia ukutani. Mama yako anasema, "Naona yanapungua." Yalikuwa yanapungua nini?

Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo, mwanangu, kuliko zile nyusi. Majani ya mpera.

Kanga ikaanguka ulipoinama mtungini. Nikaona mapinde mawili meusi kama yamepakwa lami, wekundu bado pembeni. Unakumbuka tulivyosemezana?

"Nini hicho?"

"Nyusi, baba."

"Si ulizaliwa nazo? Zimekwenda wapi?"

"Zimenyolewa."

"Na hizo?"

"Za sindano, baba. Za kudumu. Hazitoki mpaka kaburini."

"Nani kakuchanja?"

"Mama wa saluni."

"Kajifunza wapi?"

"Dar. Majuma machache."

Majuma machache! Na wewe unalisema kama sifa. Nilitaka kuuliza alirudia mara ngapi, alipaka mkaa gani, alikuvuta ngozi kwa vidole vingapi. Nikamgeukia mama yako. Nikamwambia, "Mwanamke, umenisaliti ndani ya nyumba yangu." Nikasema mengi. Nikasema niliuchunga uso huu, nikachekwa kwa ajili yake, nikagombana na mama yangu mpaka akafa, halafu wewe unampeleka kwa mtu wa njiani amtoboe kwa umeme?

Mama yako alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga. Akasema, "Baba Somoe, mimi shangazi zangu wawili walinishika miguu, na wa tatu kichwa. Wewe ulikuwa na kisu. Huyu mwenzangu kaenda kwa miguu yake." Akaipua sufuria.

Sikula ugali ule. Nikaenda kwa mjomba wako, kaka yake mama yako, nikidhani huko nitapata mtu wa upande wangu. Akanikaribisha kiti, akasema, "Shemeji, Somoe aliniomba ruhusa, nikampa." Unaona? Mjomba alijua. Mama alijua. Jenereta ya Masasi ilijua. Aliyechemsha majani ndiye peke yake hakujua.

Tangu siku ile ukinisalimu asubuhi sikuitikii. Unasimama nje ya mlango wangu, "Shikamoo baba," na mimi nakohoa. Mama yako anakwambia, "Haya, baba amekohoa, nenda." Watu wazima wawili na mtoto wao, tunaishi kwa kikohozi. Na umekuja kila asubuhi. Hilo nimeliona. Nilidhani utachoka.

Baadaye zikaanza kuondoka. Nilikuwa nikizitazama kwa pembeni kama mtu anayeangalia shamba la adui lisipate mvua. Kwanza weusi ukafifia, halafu zikawa na rangi ya bluu kama nguo ya shule iliyofuliwa sana, halafu mkia wa kushoto ukawa mwekundu kama kutu. Nilifurahi. Siwezi kukuficha, nilifurahi hata nikaongezeka mwili. Kwenye harusi ya jirani nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Jamani, nani ameziona nyusi za Somoe? Zile za kaburini? Naona zimemtangulia!" Watu wakacheka mpaka wakamwaga vitu. Ulikuwa umebeba sinia la pilau. Uliliweka chini polepole, ukaondoka. Kicheko kile kilikuwa kitamu mdomoni, na kilipofika tumboni kikawa kitu kingine.

Halafu asubuhi moja nikapita dirishani kwako. Ulikuwa na kile kipande cha kioo na kalamu ya wanja, unachora nyusi juu ya zile za kudumu. Ulimi umeutoa kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya ulipojifunza kuandika. Ukachora, ukafuta, ukachora. Nikasimama pale. Nikaona kwamba na wewe ulidanganywa. Uliambiwa kaburini, ukaamini, ukanidanganya mimi kwa ajili ya kitu ambacho chenyewe kilikuwa kinakudanganya wewe. Nilitaka kukohoa ujue nipo. Nikaondoka.

Ulipomrudia yule mama wa saluni alisemaje? Mama yako kaniambia. Alisema, "Aa, mdogo wangu, hizi hukaa miaka miwili mitatu, halafu unakuja narudishia." Sasa ndiyo anasema! Anajua kurudia, kumbe, ila yeye anarudia baada ya kutoka, sisi tulirudia ili isitoke. Sindano yake inacheza kwenye ngozi ya juu, na ngozi ya juu ni ya kupita, inajimenya kila siku kama ganda la kitunguu. Chipopo kinakwenda chini yake, kwenye ngozi inayokaa. Ndiyo maana changu kiliuma, na ndiyo maana changu kipo.

Hapa ningeweza kuishia, nimeshinda. Lakini kuna mwanamke mmoja wa Lulindi.

Alikuwa mwali mwembamba, mwenye kelele. Nilimchanja mara ya kwanza, akalia hata ndege wakaondoka. Niliposema tutarudia akipona, mjomba wake akasema basi, inatosha, mtoto atakufa. Akaniuliza, "Kwani hii ya leo haitakaa?" Kuku wangu alikuwa amekwisha kufungwa miguu, yuko pale pembeni. Mpundi mwenzangu mmoja alikuwepo anatazama, na sikutaka kuonekana nimeacha kazi nusu. Nikasema, "Itakaa." Nilijua haitakaa. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikabeba kuku.

Miaka ikapita nikapita Lulindi siku ya Krismasi, watu wanatoka kanisani. Mwanamke mzima akanijia, mtoto mgongoni. Usoni ana kitu kama ubao uliofutwa vibaya, mstari upo hapa, pale haupo. Si mwenye nembo, si asiye nayo. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mpundi." Nikaitika. Akasema, "Ulisema itakaa." Akacheka, bila ubaya, akaenda zake na wenzake. Afadhali angenitukana. Toka siku ile, nikisimulia nyuso nilizochanja, Lulindi naipita haraka.

Kwa hiyo yule mama wa saluni namchukia, lakini uongo wake naufahamu kwa ladha.

Chipopo sikupi. Lakini haya chukua, hayatundikwi ukutani. Mkono wa kushoto ndio fundi, wa kulia ni mtumishi tu. Kwa kushoto vuta ngozi kwa vidole viwili mpaka iwe kama ngozi ya ngoma, na vidole viwe na joto, mtu akiguswa na mkono wa baridi anaogopa kabla hajaumizwa. Anza na upande ulio mgumu, wakati jicho lako bado halijachoka. Na akikaa mtu kwenye kiti chako, akakuuliza nyusi zitakaa mpaka lini, mwambie. Mwambie zitakuwa nyeusi, halafu bluu, halafu nyekundu, halafu utarudi. Akiinuka akaondoka, mwache aondoke. Uso wake ataondoka nao mzima.

Na lingine, ambalo sijamwambia mtu. Juzi mama yako alikuwa amelala kwenye mkeka mchana, nikamtazama karibu. Ule mkaa wangu, uliokuwa mweusi tii, umekuwa wa kijani kibichi cha jani la muhogo. Na zile pembe nilizozinyoosha, fahari yangu, mashavu yamelegea nazo zimelala, nyingine imeingia kwenye kunyanzi haionekani. Nilikaa nikizitafuta. Nembo haijaondoka, Somoe. Uso ndio unaoondoka. Nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba changu ni cha milele, sikufikiri kwamba kinakaa juu ya kitu kisicho cha milele. Akafumbua macho akasema, "Unatafuta nini usoni kwangu, mzee?" Nikasema inzi.

Usidhani nimekusamehe. Nyusi sijazisamehe, na majani ya mpera nitakufa nayo. Ulikuwa na mdomo, ungesema, "Baba, ninataka." Ningekataa, ndiyo. Ningepiga kelele kutwa. Lakini ningekuwa baba aliyekataa, si mzee anayechemsha majani huku nyumba nzima inamcheka nyuma ya kanga. Ukiwa na neno la kuniambia tena, hata baya, hasa baya, nipige nalo usoni. Ngozi yangu ni nzito.

Lakini salamu si nyusi. Nimekaa hapa tangu mchana nikivitenganisha hivi vitu viwili, na vilikuwa vimeshikana.

Kesho nitalibeba sanduku lako mpaka stendi. Usimpe mtu mwingine, ninaweza, mimi si mzee kiasi hicho. Nitalipandisha kwenye gari. Hapo watakuwepo watu wote, wale wa harusi nao, na mjomba wako atakuwepo, amevaa kanzu yake. Nikishuka kwenye gari, nisalimie. Mbele yao, kwa sauti, si kwa ile sauti ya nyuma ya mlango. Neno la kukujibu siliandiki hapa. Wino wa kalamu hii ni wa dukani, siuamini. Nitalisema kwa mdomo.

Nami najijua. Mara ya kwanza nitajifanya nafunga kamba ya mzigo. Usiondoke. Ya pili huenda nikakohoa. Usimsikilize mama yako akikwambia inatosha. Rudia tena, Somoe, palepale. Ya tatu ndiyo inayokaa.

Baba yako,
Chande, mpundi